LibreOffice kwenye steshenari yangu Chake: programu ni nzuri, lakini hebu wajueni na watu wanaoitengeneza

Assalamu alaykum wadau. Watu wananiuliza sana pale dukani hii programu ninayochapia ni ipi mbona haifanani na ile ya kwao, na je inafaa kweli au ndo vitu vya bure vya kupotezeana muda, sasa leo naandika yote mara moja ili nikiulizwa tena nimtumie mtu hii asome mwenyewe. Mie nna steshenari hapa Chake Chake, kazi zangu ni zile zile za steshenari yoyote Pemba, barua za kwa sheha, mikataba ya mashamba, ripoti za wanafunzi wa SUZA (chuo kikuu chetu cha Zanzibar), mitihani ya skuli na ya madrasa, kadi za harusi, fotokopi, laminesheni. Mashine zangu zote zina LibreOffice, programu ya ofisi ya bure ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, inafanya kazi za Word na Excel. Naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja iliyobaki ntaeleza imekwenda wapi.

Kwanza kazi za kila siku. Inafungua faili za Word na Excel, inahifadhi kwa Word vile vile, na inatoa PDF moja kwa moja bila kuongeza programu nyengine. Mteja akija na faili aliyoandika kwa Calibri na wewe huna Calibri, yenyewe inaweka Carlito ambayo upana wa herufi zake ni sawa sawa na Calibri kwa hiyo mistari haihami, na Times New Roman inapata Liberation Serif kwa mtindo huo huo. Pale inapochanganya ni kwenye dokumenti zenye mapambo mengi, visanduku juu ya picha, jedwali ndani ya jedwali, hapo ukae uikague kabla hujaipiga printa, na vitabu vya hesabu vyenye makro nzito za Excel (zile amri zilizoandikwa zifanye kazi zenyewe) vyengine vinagoma kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi (na nyote mnajua) ukiwasha tena inakuuliza kama irudishe kile ulichokuwa unaandika, mara nyingi inarudisha karibu chote. Kompyuta za zamani inaenda vizuri, ina zaidi ya MB 300 kuidaunilodi, hailipiwi, haitaki namba ya siri ya kununua, haikwambii muda wako umekwisha. Na mashine nyingi ninazoletewa kutengeneza zimejaa vairasi walioingia na zile programu za ofisi zilizochakachuliwa, mtu kaipata kwa flashi ya rafiki yake, kumbe ndani ya ule ufunguo wa kuchakachulia kuna mdudu. Kwa hilo peke yake ningeisifia.

Lakini kilichonifanya nikae nayo ni Kiarabu. Nyie mnaochapa mitihani ya madrasa mnajua tabu yake, unaandika swali kwa Kiswahili, katikati unatia aya au neno la Kiarabu, alama ya kuuliza inarukia upande sio, mabano yanageuka, herufi zinaachana kila moja imesimama peke yake, irabu zinapanda juu ya herufi ya jirani. Kuna maalim mmoja huku kwetu alikuja na karatasi aliyochapiwa kwengine, akaniambia "mwanangu nitazamie hii, mtoto akisoma hivi atasoma makosa", na kweli, fataha ilikuwa imekaa pasipo pake. Nikamwambia "maalim nipe nafasi mpaka alasiri". Nikaichapa upya kwa LibreOffice na fonti ya Amiri, ambayo inakuja nayo humo humo, akaitazama herufi moja moja mpaka mwisho akasema sasa hii ni karatasi ya kumpa mtoto.

Kuna kitu kidogo cha kuweka kwanza, unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, unatia tiki kwenye kisanduku cha kuruhusu maandishi ya aina ya Kiarabu, ndo vile vitufe vya kuandika kulia kwenda kushoto vinatokea juu. Bila hiyo tiki utasema haiwezi.

Sasa mie ni mtu nikiona kitu kimefanywa kwa uangalifu nataka nijue kafanya nani. Nikaanza na hiyo Amiri. Kaitengeneza Mmisri mmoja anaitwa Khaled Hosny, kaichukua ile chapa ya matbaa ya Amiria ya Bulaq, Cairo, herufi zilizochongwa mwanzoni mwa karne ya 20, akaifufua iwe fonti ya kompyuta, akaitoa bure kila mtu aitumie. Ukiwa umesoma vitabu vya zamani vya dini vilivyochapwa Misri ukiiona Amiri utaitambua papo hapo, jicho linaijua. Na hakuishia kwenye fonti, kaingia mpaka ndani ya LibreOffice yenyewe kwenye ile sehemu inayopanga herufi zishikane, toleo la 5.3 la mwaka 2017 ndo lililoleta upangaji mpya unaotumia kitu kinaitwa HarfBuzz kwa Windows, Mac na Linux sawa sawa, na yeye mkono wake umo mule. Baadae taasisi inayoisimamia LibreOffice ikamuajiri khasa kwa kazi ya maandishi ya kulia kwenda kushoto na maandishi mengine magumu. Yaani walipotaka Kiarabu kikae sawa walimchukua mtu ambaye miaka yake kaitumia kwenye hati ya Kiarabu, anaijua jim ikikutana na mim inafanyaje. Nikasema kumbe ndo maana.

Basi nikaendelea kuwatafuta wengine na hapa ndo nataka mnisikilize khasa.

LibreOffice haina kampuni mwenye mali. Ilianzia Ujerumani, kijana wa miaka 16 anaitwa Marco Börries kaanzisha kampuni yake ya Star Division mwaka 1985, wakatoa StarOffice, mwaka 1999 kampuni ya Sun ya Marekani ikainunua, mwaka 2000 wakaufungua msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiunda programu, kila mtu auone na hapo ikazaliwa OpenOffice. Kampuni ya Oracle ilipoimeza Sun mwaka 2010 watu waliokuwa wakiijenga wakaona mustakabali wake haueleweki, tarehe 28 Septemba 2010 wakajitoa wakatangaza taasisi yao, The Document Foundation, na programu wakaiita LibreOffice. Ili wasajiliwe Ujerumani kama wakfu kamili walihitaji mtaji wa euro 50,000, wakaomba watu wachange mwanzoni mwa 2011, pesa ilitimia ndani ya siku 8 tu kutoka kwa watu wa kawaida wa nchi mbali mbali. Mwaka 2012 wakasajiliwa Berlin. Neno wakfu kwetu sote tunalijua, mali imetolewa haiuzwi hairithiwi, inaangaliwa tu ili wengine wafaidike, na mie ukiniambia programu ni ya wakfu moyo wangu unatulia kuliko ukiniambia ni ya kampuni ambayo kesho inaweza kununuliwa.

Sasa wafanyakazi. Watu wanadhani ofisi kama hiyo imejaa waandika msimbo watupu, kumbe sivyo, na wala sehemu kubwa ya msimbo haiandikwi na walioajiriwa pale, inaandikwa na makampuni kama Collabora na watu wanaojitolea. Walioajiriwa na wakfu ni timu ndogo sana, na ukiwatazama walikotoka utashangaa. Mkurugenzi wao wa miaka mingi Florian Effenberger alikuwa mtu wa kujenga mitandao ya kompyuta ya makampuni na ya skuli, kufunga programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuutumia na kuubadilisha) kwenye mashine nyingi kwa pamoja, na huku akiandikia majarida. Kwa hiyo anaijua hali ya yule mtu wa IT wa skuli mwenye chumba kizima cha mashine na bajeti hana. Italo Vignoli, Mtaliano, mmoja wa waasisi, yeye katoka kwenye masoko na uhusiano na vyombo vya habari, kazi yake ilikuwa kuhakikisha dunia inasikia kwamba kitu hiki kipo, na msiidharau kazi hiyo, mangapi mazuri yamekufa kwa sababu hakuna aliyeyasema.

Mwengine ni Mike Saunders ambae mie nimempenda zaidi kwa sababu ya njia aliyopita. Huyu ni mwandishi wa habari. Aliandikia jarida la Linux Format Uingereza kwa miaka, halafu yeye na wenzake wakatoka wakaanzisha lao, Linux Voice, kwa michango ya wasomaji, wakaahidi nusu ya faida wataitoa kwa miradi ya programu huria, na kila toleo baada ya miezi 9 wataliachia watu walisome na kulitumia bure. Na huyo huyo mwandishi kaunda mfumo wake mdogo wa kuendeshea kompyuta, MikeOS, kwa lugha ya asembli, kwa ajili ya kuwafundisha watu kompyuta inavyoamka na kufanya kazi. Baadae ndo kaingia The Document Foundation upande wa mawasiliano. Sasa we fungua maelezo ya toleo jipya la LibreOffice, yanatoka kama mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 2 na wa 8, usome. Yanaeleweka! Yamepangwa na mtu anayejua kwamba msomaji sio mhandisi. Mie Kiingereza changu cha skuli na nayasoma mpaka mwisho bila kushika kamusi. Hicho hakiji kwa bahati, kaajiriwa mtu ambae ufundi wake ni kueleza.

Halafu kuna wa kuangalia seva zisizime, wa kukusanya na kutoa matoleo, wa kupokea malalamiko ya hitilafu na kuyahakikisha, wa vitabu vya maelekezo, wa muonekano yaani vitufe vikae wapi mtu asipotee, wa hesabu na makaratasi ya ofisi. Hivyo vitabu vya maelekezo ni PDF za bure, cha Writer (sehemu ya kuandikia) na cha Calc (sehemu ya hesabu) ni vinene vimekamilika, kijana wangu wa dukani kajifunza Calc yote kwa kile kitabu hajaenda kozi.

Karafuu wanaichuma wachumaji lakini haifiki kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linaloinunua, kwa mchumaji peke yake, kuna wa kuchambua vikonyo, wa kuanika na kukimbilia majamvi mvua ikija, wa kupakia magunia, wa kuandika, na akikosa mmoja karafuu inashuka daraja japo mchumaji alichuma vizuri. Mie ndo nnavyoiona hii timu. Programu nyengine za bure nimezijaribu, msimbo mzuri lakini hakuna wa kueleza, hakuna wa kujibu, ukikwama umekwama.

Na sio hawa wa Berlin tu. Nilipoanza kuwafuatilia nikaona taasisi nyingi za programu huria ziko hivi. Free Software Foundation ya Boston, ile aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1985, kuanzia 2011 mpaka 2022 mkurugenzi wake mtendaji alikuwa John Sullivan, na huyu masomo yake ni falsafa na uandishi na ushairi. Ushairi, wadau! Kwenye kisiwa chetu hiki chenye malenga kila upande mtu akisoma Kiswahili na fasihi anaambiwa utafanya kazi wapi. Halafu kuna Software Freedom Conservancy ya Marekani, inaongozwa na Karen Sandler, yeye kasomea uhandisi kisha akasomea sheria Columbia akawa wakili. Ana ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, kawekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukienda vibaya, akawaomba watengenezaji wamuoneshe msimbo unaoendesha kile kifaa kilichomo mwilini mwake, wakamkatalia. Mwaka 2010 akaandika na wenzake utafiti juu ya hatari za msimbo uliofichwa ndani ya vifaa vya tiba. Kuanzia hapo ukimsikia anazungumza uhuru wa programu hazungumzi nadharia, anazungumza kifua chake. Wakili wa aina hiyo akitetea leseni za programu huria mahakamani au kwenye vikao mie namuamini, hana haja ya kuambiwa kwa nini jambo hili ni muhimu.

Kwa hiyo nikisema LibreOffice ni nzuri siangalii vitufe tu, naangalia pia kwamba waliokaa nyuma ya vitufe kila mmoja kaja na ufundi aliokuwa nao kabla, na ufundi ule unaonekana kwenye karatasi inayotoka printa yangu.

Sasa nyota moja iliyokosekana. Ni Kiswahili. Kamusi ya kusahihishia tahajia ya Kiswahili ipo, unaichagua wakati wa kuinstoli (usibonyeze tu endelea endelea, chagua kuinstoli kwa kupanga mwenyewe ufungue orodha ya kamusi utie tiki Kiswahili), lakini inapigia mstari mwekundu maneno mengi sana ambayo ni sahihi kabisa. Sababu inaeleweka, kitenzi chetu kimoja kinabeba nafsi, wakati, mtendwa na kiambishi cha mwisho vyote kwa pamoja, nilikupikia, hatutawaandikia, huwezi kuyaorodhesha yote kama orodha ya maneno ya Kiingereza, inataka mtu anaejua sarufi ya Kiswahili akae aandike kanuni zake vizuri. Na vitufe vyenyewe kwa Kiswahili tafsiri yake ina mapengo mengi. Hili linaniuma kwa sababu tulianza mapema, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi kwenye mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ule nchi nyingi hazijafikiria. Miaka yote hiyo imepita na leo mwanafunzi wa skuli Konde au Kengeja akifungua kompyuta anakutana na Kiingereza.

Na hapa ndo nnapowageukia nyie mliosoma Kiswahili pale SUZA, nyie maalim wa skuli, nyie mnaofasiri nyaraka za maofisini na mahotelini kule Unguja. Kazi ya kufasiri LibreOffice inafanyika kwenye mfumo wa Weblate, unajisajili, unaona sentensi ya Kiingereza huku na nafasi tupu ya Kiswahili huku, unajaza, anapita mwengine anakagua. Hakuna msimbo hata mstari mmoja. Mtu ambaye anajua kuchagua neno la Kiswahili linaloeleweka Micheweni na Makunduchi na Tanga ana thamani kule kuliko mtu wa kompyuta asiejua ngeli. Mie mwenyewe nimeanza na menyu za Writer, usiku duka likishafungwa, na nimeona sentensi nyingi ni fupi fupi tu, kazi sio nzito, inataka watu wengi tu wakubaliane istilahi. Na nafasi kama ya Khaled Hosny kwa Kiarabu ingependeza siku moja iwepo kwa Kiswahili akakaa mtu wa kwetu, sioni kwa nini isiwezekane.

Mengine madogo madogo ya kulalamikia. Timu ni ndogo kwa hiyo hitilafu zengine zinakaa miaka hazijaguswa, ukiripoti kitu usitegemee kesho kitengenezwe. Base, ile ya kuhifadhi data, sehemu zake zinataka Java na inachosha, kwa duka dogo tumia Calc tu. Kwenye simu LibreOffice yenyewe ya kuandikia hakuna, mtumie Collabora Office inayotokana nayo. Na muonekano wake mwanzo utauona wa kizamani, nenda kwenye kubadilisha muonekano uchague ule wa vichupo, utafanana na ulichozoea.

Inamfaa nani: maalim wa skuli na madrasa, mwanafunzi, ofisi ya sheha, NGO ndogo, steshenari kama mie, mtu yeyote mwenye kompyuta nzee. Haimfai mhasibu ambae maisha yake yote ni makro za Excel, huyo abaki na Excel yake ya kulipia, iwe ya halali.

Mwenye kuitaka aje na flashi yenye nafasi, nakala ya LibreOffice ya kuweka kwenye Windows nnayo tayari pale dukani, leseni yenyewe inaruhusu kugawa, nakuwekea pamoja na kitabu cha Writer, silipishi kitu na bando lako unabaki nalo. Ijumaa nafungua baada ya sala.